Maji Yamemwagikia Wapi

Simu ya Neema ilinikuta na suti ya mheshimiwa mmoja mezani, pasi mkononi. Dobi wa Area D, Dodoma, mwenye pasi nzuri halali njaa, na Bunge likikaa ndiyo kabisa, maana hawa watu wanachafuka kwa kukaa tu. "Mtani," Neema akasema, na alivyoniita mtani bila kunitukana kwanza, nikajua. "Mama katutoka. Tunamzika keshokutwa, nyumbani Mpwapwa. Uje. Na uje na mdomo wako." Mwisho huo si tusi. Mimi Mnyamwezi wa Tabora, wao Wagogo, na utani wetu umeanza zamani, babu zangu walipokuwa wanapita Ugogo na pembe za ndovu kichwani kwenda pwani, babu zao wakawasimamisha njiani, toa hongo kwanza ndiyo unywe maji. Msibani mtani ana kazi yake. Analala kaburini kabla ya jeneza, anamsema marehemu kwa uchoyo wake, anadai apewe kuku ndiyo atoke, na wafiwa wanacheka huku machozi yanatiririka. Kazi hiyo nimeifanya misiba mingi, sijawahi kukosa la kusema. Ila siku ile nilipokata simu goti la kushoto likaanza kucheza. Lilikuwa halijacheza hivyo miaka mingi. Nikaliangalia kama mgeni aliyeingia bila hodi, na suti ya mheshimiwa nusura niitoboe.

Goti hilo na mimi tulijuana vizuri mwaka mmoja, zile zama za ruksa, wakati maduka yalianza kujaa sabuni za kila rangi na maofisini watu wanapunguzwa kazi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, elimu darasa la saba, mdomo chuo kikuu. Nilikuwa nimepata kibarua cha kufua kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Chumba cha kufulia kilikuwa kirefu, sakafu ya saruji imelainika kama sabuni yenyewe, masinki manne, dirisha moja linalotazama kamba za kuanikia. Nguo za wagonjwa zilikuwa za bluu, zote mshono mmoja, hazina mfuko. Wenzangu walizikamua wakatundika. Mimi kila moja niliinyanyua kwanza, nikaipima kifuani, nikawaambia, "Jamani hii imekaa kama ya kwangu." Wakacheka. Nilikuwa siwachekeshi. Nilikuwa naogopa kwamba siku moja itakuwa ya kwangu kweli.

Sababu nilikuwa situlii. Nikikaa, goti linacheza. Nikisimama, vidole vinapiga ngoma kwenye sinki. Nikiwa naongea ni nafuu, kwa hiyo niliongea na kila mtu, na wagonjwa, na walinzi, na mbuzi wa mganga mkuu. Nikinyamaza tu, kichwani treni inaanza, magurudumu yake, tata-tata, tata-tata, na moyo unaifuata. Usingizi ulinitoka. Chakula kikawa kama udongo. Watu walisema, "Huyu kijana ana raha sana," na mimi nilijiuliza, hivi kuna mgonjwa gani mle wodini ambaye hakuanza hivi hivi, watu wakimsifu kwa raha yake?

Nilikuwa nimepanga banda la uani kwa Sista Foibe, muuguzi wa wodi ya wanawake, mwenyeji wa Mpwapwa, mfupi, mpana, anayetembea kama mtu aliyefika tayari. Mwisho wa mwezi wa tano nikiwa nasuuza, nikasikia sauti nje ya dirisha, kwenye kamba. Alikuwa yeye na daktari kijana aliyerudi karibuni kutoka masomoni.

"Sista, yule kijana wako wa kufulia ananitia wasiwasi. Jana kamchekesha mgonjwa mpaka kaanguka kitandani."

"Kucheka siyo ugonjwa, daktari."

"Halali yule. Amekonda. Mikono inamtetemeka, umeiona? Mimi naona tumlaze wiki chache, tumtazame."

"Ukimlaza, kazi ameshaipoteza. Nani atamrudisha baada ya hapo, wakati hata wazima wanapunguzwa?"

"Najua. Na nisipomlaza, kikamharibikia?"

Nikasikia Sista anabana nguo kwa vibanio, kimoja, kingine. "Nipe mpaka zabibu za mwezi wa nane," akasema. "Akiwa hivi hivi, mimi mwenyewe nitamleta."

Shati nililokuwa nasuuza nililisuuza mara nne. Mpaka leo nikipita mahali nikaona zabibu za kwanza zimepangwa kwenye sinia barabarani, nageuza njia kwanza ndiyo nakumbuka kwamba mimi ni mtu mzima na naweza kununua tu nikala.

Jioni ile tulikula jikoni kwake, ugali wa uwele na mlenda, mwanga wa kibatari, Neema akiwa bado mdogo analala mgongoni mwa mama yake. Nilikuwa nasubiri aniambie. Hakuniambia. Alikata tonge, akasema, "Kesho alfajiri tunaenda maji."

"Sista, niachie mimi, naazima baiskeli nakuletea ndoo nne kwa mpigo."

"Sitaki nne. Nataka moja. Kichwani."

"Kichwani? Mimi mwanaume!"

"Babu zako walikuwa wanawake? Walibeba pembe mpaka pwani, wewe unashindwa ndoo mpaka kwa Foibe?"

Bomba lilikuwa ng'ambo ya reli, karibu na nyumba za wafanyakazi wa treni, mwendo wa kama nusu saa ukienda taratibu, na tuliambiwa taratibu. Alinisokotea ngata kwa kipande cha kanga yake, akaiweka utosini, akajaza ndoo mpaka mdomoni. Wanawake wengine huwa wanaweka tawi la majani juu ya maji yasirukeruke. Yeye alikataa. Alinikataza pia nisishike kwa mkono. "Mikono chini. Mdomo umefungwa. Usihesabu hatua, zisikilize tu. Unyayo unagusa, unajua umegusa. Pumzi inaingia, unajua imeingia. Ukitoka ukaenda kutembea na mawazo, maji yatakuambia." Nikamuuliza hiyo ni sala ya dhehebu gani. Akasema ni ya dhehebu la watu wasio na bomba ndani.

Siku hiyo nilijua maana ya dunia kukuangalia. Mvulana na ndoo kichwani, kakaza shingo kwa hofu kama kuku aliyeona mwewe! Vijana wa nyumba za reli walikuwa wamekaa kwenye mataruma ya reli wanapiga mswaki. "Shangazi, mbukwa!" mmoja akanisalimia Kigogo. Mwingine akadakia, "Bibi harusi! Mume kaamka, anataka maji ya kuoga!" Nikageuka kumjibu, ndoo ikageuka kabla yangu. Tulifika nyumbani mimi nimelowa mpaka viatu. Sista akashusha yake, haijamwagika hata tone, akachungulia yangu.

"Maji yamemwagikia wapi?"

"Kichwani, Sista, si unaona?"

"Njiani, wapi?"

"Pale kwa wale wahuni."

"Ulikuwa unafikiria nini?"

"Jibu."

"Ulipata?"

"Nilipata matatu. Mazuri sana."

"Yamekugharimu nusu ndoo," akasema, akaingia ndani kuwasha moto.

Hilo swali ndilo lililokuwa dawa yake yote, mimi nilidhani ni umbea. Kila siku, alfajiri na jioni, akichungulia ndoo: maji yamemwagikia wapi? Na lazima useme mahali, na lazima useme kichwa kilikuwa wapi. Kwenye mti wa mwarobaini, nilikuwa nafikiria kichekesho nilichomwahidi mlinzi. Kwenye kichuguu, nilikuwa najiona nimevaa nguo za bluu. Kwenye geti, nilikuwa nafurahi kwamba leo sijamwaga. Alicheka kwa hilo la geti. Alisema yeye mwenyewe huwa anamwagia getini.

Katikati ya hapo daktari akanipima. Alikuwa na mashine ya kupima umeme wa ubongo, imetoka Ulaya ikiwa imeshatumika. Nikamwambia, "Kumbe siku hizi mpaka akili tunaletewa za mtumba." Ilikuwa kubwa kama kabati, ina kalamu zimejipanga juu ya karatasi inayojikunjua yenyewe. Alinipaka kichwani gundi nyeupe, ya baridi kama uji uliolala, akanibandika nyuzi. Niliamini kabisa kwamba ile mashine inaona wazimu. Niliamini itaandika jina langu na wodi yangu. Kwa hiyo nilifanya ninachofanya nikiogopa, nikaongea. Nilimsimulia daktari habari za mbuzi wa mganga mkuu tangu mwanzo. Kalamu zikaruka juu chini, karatasi ikawa nyeusi tii, kama wino umemwagika. Nikaiona, nikanyamaza. Nikajua basi.

"Hii siyo akili," daktari akasema, akaikata ile karatasi. "Hii ni taya. Ukiongea, misuli ya taya inapiga kelele kuliko ubongo, kalamu zinaandika taya. Rudi siku ukiweza kukaa kimya dakika kumi." Akaandika kwenye daftari lake, nikasoma kichwa chini miguu juu: mwezi wa nane.

Wiki zikaenda. Baridi ya Dodoma ikaingia, ile ya upepo mkavu unaopasua midomo, ndoo ikawa kama jiwe la barafu. Sitaki kudanganya kwamba nilipata mwanga. Nilipata shingo. Kwanza shingo ikaacha kuuma, halafu mabega yakashuka, halafu siku moja nikafika kwenye mwarobaini nikagundua sikumbuki kuogopa tangu bombani. Ilikuwa hatua na pumzi tu, na maji yanayosema cho, cho, juu ya utosi. Wale wahuni walinisalimia, nikasikia salamu inapita kama inzi. Nikaanza kula. Sista akaanza kuficha sufuria. Aliniambia aliianza hii kazi ya ndoo mwaka wake wa kwanza wodini, alikuwa anarudi nyumbani na kelele za wagonjwa masikioni, hawezi kulala, na mama yake alikuwa anamtuma maji tu kama mtoto mwingine yeyote. "Nikaona nikifika nyumbani kelele zimebaki njiani. Sijui kwa nini. Waulize wenye mashine." Baadaye akawa anawazungusha na wagonjwa wake uani mwa wodi asubuhi, mstari mmoja, kila mama na bakuli la maji mikononi. Wengine walimcheka. Yeye aliwauliza wagonjwa wake, maji yamemwagikia wapi, na walikuwepo ambao hilo ndilo swali pekee walilojibu siku nzima.

Lakini kulikuwa na mahali pamoja mimi sikupaweza. Kwenye reli. Kila siku, alfajiri na jioni, nikiinua mguu kuvuka kile chuma, bwa! Maji yanashuka mgongoni.

"Yamemwagikia wapi?"

"Relini. Jiwe."

"Na jana?"

"Jiwe lingine."

Jioni moja, katikati ya mwezi wa saba, alisimama palepale relini, akashusha ndoo yake chini. Sijawahi kumuona akishusha ndoo njiani. "Haya," akasema. "Nionyeshe hilo jiwe."

Nikaangalia chini kama mtu anayelitafuta. Goti likaanza. Nikafungua mdomo kumtania, utani haukuja, ikaja ile habari yenyewe. Nilimwambia habari za Shabani, mwenzangu wa safari. Tulitoka Tabora wote, tumesimama mlangoni mwa behewa kwa sababu ndani hakuna pa kukanyaga, treni inakaribia stesheni ya Zuzu, tunaona taa za Dodoma tunasema maisha ndiyo yale. Nikawa namsimulia kichekesho. Shabani alikuwa akicheka anarusha kichwa nyuma, anapiga makofi. Akapiga makofi. Mkono uliokuwa umeshika chuma ukapiga makofi. "Sista, nilikuwa bado sijafika mwisho," nikamwambia. "Nilikuwa bado sijafika hata mwisho wa kichekesho." Tangu hapo nikinyamaza, treni inakuja. Nikiongea inakaa mbali.

Nilisubiri aniambie ni mapenzi ya Mungu, wote walikuwa wameniambia hivyo. Akasema, "Kiliishaje?"

"Nini?"

"Kichekesho. Mwisho wake."

Nikamsimulia. Nimesimama juu ya taruma, ndoo kichwani, nimelowa, nikakianza mwanzo nikakifikisha mwisho, mara ya kwanza tangu siku ile. Sikiandiki hapa, kile kina watu wake wawili. Sista hakucheka sana. Alicheka kidogo, puani, akafuta jicho kwa ncha ya kanga. "Kizuri," akasema. "Angecheka tu, hata ungekuwa hukusema wewe angecheka cha mwingine. Nyanyua mguu tuvuke." Tukavuka. Nilimwaga. Kesho yake nilimwaga tena. Ila kesho yake niliposema "relini, Shabani," halikuwa jiwe tena, na kwa mwisho wa mwezi yakawa yanamwagika kiganja kimoja tu. Kiganja hicho sijawahi kukimaliza.

Zabibu zikaiva. Siku ya kupimwa nikafanya ujanja. Niliwaza hivi: bila maji najulikana, nikibeba maji kwanza nitakuwa nimetulia kwa muda, nitaiibia mashine, itaandika mtu mzima, nitabaki na kazi yangu. Nikaenda bombani peke yangu, nikarudi taratibu, nikashusha ndoo mlangoni kwa daktari, nikaingia na nywele zimelala bapa utosini. Gundi, nyuzi, fumba macho. Nilisikiliza pumzi. Nilisikia kalamu zinakwaruza kama mtu anafagia mbali. Daktari aliponiambia fumbua, karatasi ilikuwa na vilima vidogo, sawasawa, vinafuatana kama matuta ya shamba la zabibu.

"Hivi ndivyo watu wengi wanavyoandika wakifumba macho wakatulia bila kulala," akasema. Alikuwa ameinama, pua karibu na karatasi. "Safi kabisa."

Ningenyamaza pale, mambo yalikuwa yameisha. Lakini nilishazoea kuulizwa yamemwagikia wapi. "Daktari, nimeiibia mashine. Nimebeba maji kwanza."

"Umebeba nini?"

Nikamwambia yote. Hakukasirika, alishikwa na hamu kama mtoto. Kesho yake akanipima bila maji, palepale akanituma bombani, akanipima tena. Bila maji vilima vilikuwepo, vinakatikakatika. Baada ya maji vikakaa. Akaziweka karatasi mbili sambamba mezani, akamwita Sista aje aone, Sista akaangalia akasema, "Kumbe ndiyo inavyofanana." Mimi nikauliza kwa hiyo nimepona.

"Mashine haijui kupona," daktari akasema. "Inajua umeme tu. Wazimu haiuoni, na huzuni haiioni. Na usiende kutangaza sokoni, karatasi za mtu mmoja ni hadithi, siyo dawa. Unalala?"

"Saa tano mpaka jogoo."

"Unakula?"

"Muulize Sista. Anaficha sufuria."

"Treni?"

Nilikuwa sijamwambia habari za treni. Nikamtazama Sista, akatazama dari. "Inakuja," nikasema. "Nikiwa nimekaa inakuja. Nikitembea, inapita." Daktari alifunga daftari. "Rudi ukafue," akasema. Nikaenda, nikanyanyua shati la bluu kwenye sinki, nikalikamua, nikalitundika. Sikulipima.

Mpwapwa nilifika siku ya mazishi, na basi la asubuhi, bodaboda mpaka msibani. Neema, mama mtu mzima sasa, alinikumbatia akaninong'oneza, "Watu wanakusubiri, mtani." Ni kweli, wazee kwenye viti walishajipanga kucheka, kaburi lilikuwa limechimbwa, na mafundi walitaka maji ya kukorogea saruji. Nilikuwa na maneno tayari, kwamba Mgogo huyu aliwatoza babu zangu hongo ya maji na mimi akanifanya niyabebe bure. Maneno mazuri. Goti likawa linacheza. Nikamwomba Neema kanga moja ya mama yake, nikasokota ngata, nikachukua ndoo, nikaenda bombani.

Hakuna aliyeelewa. Vijana wa bodaboda wakapiga honi, "Mzee, panda nikupeleke! Mzee, utavunjika shingo, wajukuu watakula nini?" Nilikuwa na majibu manne. Nikasikia unyayo unagusa. Nikasikia pumzi inaingia. Maji yalisema cho, cho. Njia inapita mbele ya mlango wa Sista, mkeka ulikuwa umetandikwa, viatu vya watu vimejaa kizingitini, na viatu vyake vya wodini, vile vyeupe vya kamba, mtu alikuwa amevipanga pembeni peke yake. Bwa.

Nikafika kaburini, shati limegandana mgongoni. Nikashusha ndoo. Nikasimama, nikangoja. Fundi akanitazama, mimi nikaendelea kungoja, kama mjinga, mpaka nikaelewa kwamba wa kuniuliza ndiye aliye kwenye sanduku. "Mlangoni kwako," nikamwambia Sista. "Niliona viatu."

Fundi akamimina maji yote kwenye saruji, akanirudishia ndoo. "Haitoshi, mzee," akasema. "Lete nyingine."

Nikaweka ngata vizuri, nikaenda.